Ajali Iliyokuwa na Kinga

Saa mbili asubuhi pasi imeshapata moto. Mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mkunjo anaidondoshea tone la maji, anasikiliza linavyochachatika, kisha anatandaza suruali mezani na kuikandamiza kwa kiwiko cha mkono wa kulia. Pasi yenyewe ameishika kwa kushoto.

Kiwiko kinafanya kazi ya vidole. Mkono wake wa kulia umebaki na gumba na kidole cha mwisho. Katikati ni ngozi iliyovutwa, inang'aa kama nailoni iliyopitiwa na moto.

"Wateja wapya wanaona haya kuangalia," anasema bila kuinua kichwa. "Nawaambia angalieni tu, haviambukizi."

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Kina meza moja, dirisha moja, na waya uliojaa mashati. Karani mmoja anakuja kuchukua shati lake, analigeuza huku na huku.

"Mama Mkunjo, mkunjo huu wa mkono unakata mkate!"

"Kata, baba. Ila ukilirudisha na siagi, bei inapanda."

Anacheka kuliko mteja. Lakini mtaje msimamizi wake wa zamani, na kicheko kinakatika hapo hapo.

Kwa miaka kumi na moja alifanya kazi katika kiwanda kinachofua mashuka ya hoteli na hospitali. Alikuwa akilisha mashuka mabichi kwenye mashine ya kunyoosha, yenye roli mbili ndefu za moto zinazozunguka zikitazamana. Mbele ya roli hizo kulikuwa na fimbo ya chuma ambayo wafanyakazi waliiita kinga. Mkono ukiigusa, mashine inasimama.

Kosa la kinga ile, kwa maelezo ya wanawake watatu waliokuwa wakifanya kazi hapo, ni kwamba ilitimiza wajibu wake. Hata kona ya shuka ikiigusa, mashine ilisimama. Na kusimama ni kuchelewa. Msimu wa wageni ulipofika na hoteli zikaanza kulalamika, msimamizi aliagiza kinga ifunguliwe. Fundi wa mitambo akaja na spana, akaifungua.

"Tulimwambia, bosi, hii ni hatari. Akatujibu, anayeogopa mlango uko wazi," anasema Mama Mkunjo.

Mwandishi wa gazeti hili anamuuliza kwa nini hakutoka kwa mlango huo. Mama Mkunjo anaiweka pasi chini.

"Hilo ndilo swali lenu nyote. Mbona hukuondoka, mbona hukuondoka! Mume wangu nilikuwa nimemzika mwaka uliotangulia. Mama mkwe wangu ana maradhi ya figo. Binti yangu alikuwa shule. Nilichagua kubaki, sikatai. Lakini na aliyeagiza kinga ifunguliwe naye alichagua. Yeye mbona hamumuulizi?"

Haikuchukua mwezi. Shuka moja lilijikunja likiwa linaingia, akanyoosha mkono kulitandaza kama alivyozoea, na roli zikamvuta. Mashine haikusimama, kwa kuwa hakukuwa na cha kuisimamisha. Mwenzake alikimbia mpaka kwenye swichi kubwa upande wa pili wa ukumbi. Alipoizima, vidole vitatu vilikuwa vimekwenda.

Hospitalini alilazwa juu ya mashuka ambayo huenda aliyapitisha yeye mwenyewe. "Yalikuwa yamenyooka vizuri," anasema, na safari hii hacheki.

Wa kwanza kumtembelea alikuwa mama mkwe wake. Aliketi kitandani, akamshika bega. "Mwanangu, limeshaandikwa. Ajali haina kinga."

Kesho yake akaja msimamizi, na mfuko wa machungwa. Alimpa pole, akakohoa kidogo, kisha akaongeza kwamba kazini umakini ni muhimu. "Unajua dada, msiba wa kujitakia hauna kilio."

Mama Mkunjo anayakumbuka maneno hayo yote mawili kwa hasira ileile.

"Mmoja ananiambia ni Mungu. Mwingine ananiambia ni mimi. Katikati hapo hakuna mtu kabisa! Mungu hakushika spana, wala mimi sikuishika. Halafu ajali haina kinga vipi? Kinga ilikuwepo! Waliifungua wakaitupa stoo. Mimi namwamini Mungu, ndiyo maana sitaki asingiziwe."

Alirudi kazini kidonda kilipokauka, akapewa kukunja taulo kwa ujira mdogo zaidi. Kinga haikuwa imerudishwa. Mwanamke mwingine alikuwa amesimama pale pale, mbele ya roli zilezile. Wakubwa walikuwa wameona dawa nyingine: wakamleta mhamasishaji.

Wafanyakazi wote walikusanywa ukumbini, mashine zikazimwa. Mgeni alikuwa na kipaza sauti na viatu vinavyong'aa kama kioo cha kujitazamia. Akawaambia kwamba maskini ni mtu aliyechagua umaskini, na kwamba tabia ya mtu ndiyo inayompa riziki. Kisha akawaamuru wasimame.

"Inueni mikono yote miwili! Semeni kwa sauti: hatima yangu iko mikononi mwangu!"

Watu wakainua. Mama Mkunjo naye akainua yake, yote miwili, juu kabisa.

"Waliokuwa nyuma yangu waliacha kusema," anakumbuka. "Kisha wa pembeni. Mwishowe yule bwana akabaki anapiga kelele peke yake."

Msimamizi akaharakisha sehemu aliyokuwa ameipanga. Siku mbili kabla alikuwa amemwahidi Mama Mkunjo kumrudishia ujira wake wa zamani, mradi asimame mbele ya wenzake akiri kwamba alizembea, iwe funzo. Akamwita mbele. "Dada, hebu waambie ulijifunza nini."

Akakishika kipaza sauti kwa gumba na kidole chake cha mwisho.

"Nimejifunza kwamba hatima yangu ilikuwa mikononi mwa aliyefungua kinga. Naomba asimame nimwone."

Msimamizi alinyoosha mkono kukichukua kipaza sauti, na hapo sauti ikatoka nyuma, karibu na mlango. Alikuwa fundi wa mitambo.

"Ni mimi niliyeifungua. Bosi ndiye aliyeniagiza. Iko stoo, chini ya magunia ya sabuni."

Akatoka, akarudi ameibeba begani. Wanawake wakakaa juu ya matita ya mashuka, wakasema roli haizunguki mpaka chuma kile kirudi mahali pake. Kikarudi siku hiyohiyo. Kazi ya nusu saa. Nusu saa ya spana ndiyo iliyosimama kati ya mwanamke huyu na vidole vyake, na bado kuna watu wazima wanaothubutu kuiita majaliwa.

Kabla ya mwezi kwisha wote wawili walikuwa wamefukuzwa, yeye kwa utovu wa nidhamu, fundi kwa kuharibu mali ya kampuni. Msimamizi bado yuko ofisini kwake. Gazeti hili lilipompigia simu alisema, "Kila mfanyakazi anawajibika kwa usalama wake. Maisha ni uchaguzi." Akakata.

Fundi alimfuata Mama Mkunjo nyumbani kumwomba radhi. Alilia. Alisema alikubali kuifungua kwa sababu ana watoto.

"Nikamwambia, na mimi nilikuwa na vidole." Anaikagua suruali, anaigeuza. Je, amemsamehe? "Kuna siku namsamehe, kuna siku hapana. Siwezi kusema si mtu. Alipoteza kazi kwa kusema kweli, wengine hawakuthubutu. Lakini ujasiri wake ulichelewa, vidole vikatangulia."

Kesi yake ya fidia iko mahakama ya kazi. Wakili wa kampuni ameshatoa ofa: watamlipa, mradi akubali kwamba alizembea. Mama mkwe wake alimsihi apokee. "Heshima hailiwi, mwanangu."

"Kweli hailiwi, mama," alimjibu. "Lakini nikikubali mimi, kesho mwingine ataambiwa alijitakia, na ushahidi wao nitakuwa mimi."

Ofa ameikataa. Anachokipata kwa pasi hakifiki nusu ya ujira wa kiwandani, na dawa za mama mkwe hazingoji hukumu. Anajua. Amechagua hivyo, anasema, na hilo moja hatamtupia mtu mwingine.

Jumatatu ijayo binti yake anaanza kazi katika kiwanda cha biskuti. Mama Mkunjo angependa asome zaidi, lakini ada imeshindikana. Basi amempa wosia mmoja tu.

"Nimemwambia, siku ya kwanza, kabla ya kuuliza mshahara, uliza mashine hii inazimwa wapi."

Na wasipomjibu?

Anavua aproni, anaifunga dirishani isipeperuke.

"Jumatatu namsindikiza. Nitauliza mwenyewe."