Bhoke alifelishwa na kidole changu

Admin, nakuomba jina langu libaki kwako. Hata majina mengine humu nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi Nyamisangura, nafundisha sekondari moja huku wilayani Tarime. Ni mwalimu wa taaluma, matokeo yote ya mitihani yanapita mikononi mwangu. Kazi hii nimeifanya muda mrefu hadi nikajiona hakuna wa kunifundisha kitu.

Mwaka jana tuliletewa kompyuta mpya yenye Excel ya kisasa. Mwalimu mwenzangu kijana, mgeni shuleni kwetu, nitamwita Rhobi, akavuta kiti akakaa pembeni yangu. "Madam, hii ukiigeuza orodha yako iwe jedwali, jina na alama zake vinahama pamoja. Nikuonyeshe, haichukui muda." Nikamjibu mbele ya walimu wengine, "Rhobi, mimi nilikuwa napanga matokeo wewe ukiwa chekechea." Walicheka. Akarudisha kiti chake.

Tulipokaribia kufunga shule nikapanga majina ya kidato cha tatu kwa alfabeti. Kompyuta ikaleta swali la Kiingereza, kama nihamishe na safu za pembeni au niendelee na ile niliyochagua tu. Sikulisoma lote, nikabonyeza kuendelea. Majina yakajipanga, alama zikabaki palepale. Karibu kila mtoto akapata matokeo ya mwenzake, na mimi nikachapisha.

Kesho yake wazazi walikuja. Bhoke, binti ambaye hajawahi kutoka tatu bora, alisomeka wa mwisho kabisa. Baba yake, mzee mfugaji wa Gorong'a, alimleta ofisini. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mwalimu, niambie ukweli, huyu huwa anafika shuleni?"

Bhoke akatoa karatasi yake ya hisabati. "Madam, mimi nilipata tisini na moja."

 Hapo nilijua kuna kitu hakiko sawa. Lakini wazazi walikuwa wamejaa mlangoni, na Rhobi alikuwa anasikia. Nikasema, "Karatasi moja siyo mtihani wote. Mzee, mwangalie, labda amepata marafiki." Yule mtoto hakulia. Alikunja karatasi yake.

Shule ilipofunguliwa hakurudi. Baba yake alikuwa ameshampeleka kwa shangazi yake huko Kerende, anahudumia mgahawani. Rhobi ndiye aliyelinganisha karatasi za watoto na orodha yangu, akanifuata faragha: "Madam, majina yamehama peke yake." Nikarekebisha. Mkuu wa shule aliponiuliza ilikuwaje, mdomo wangu ukasema, "Faili mara ya mwisho alilishika Rhobi." Alijitetea, lakini nani angemwamini mgeni dhidi yangu? Akaondolewa kwenye kamati ya taaluma kwa barua.

Wakati huo nilikuwa najifunza Excel mwenyewe kwa video za simu, nimejifungia chumbani, maana uso wa kumwomba Rhobi sina. Kumbe ni jambo jepesi kabisa.

Wazazi nao walielezwa hivyo hivyo, na Bhoke akarudi baada ya mwezi. Nafasi yake halisi ilikuwa ya pili. Siku hizi kwenye kipindi changu hanyooshi kidole hata kama jibu analijua. Mzee alipomleta alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Asante mwalimu kwa kuligundua. Huyo kijana aliyeharibu, Mungu anamuona. Mimi nilimchapa mtoto wangu bure." Nikaitikia, "Haya mzee." Sijui nilifikaje nyumbani siku hiyo.

Nikisema ukweli, cheo nitakipoteza na shule nzima itanicheka. Nikinyamaza, Rhobi ataendelea kubeba kosa langu, na mzee anamsema vibaya mtu aliyemrudishia mtoto wake.

Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, nimestahili. Ila mniambie: kati ya Rhobi, Bhoke na baba yake, nianze kumwendea nani, na nikifika mbele yake niseme nini?