Jani Alilopewa Mjomba

Enzi za Mwingereza, nikiwa na miaka kumi, baba alinivunja mkono wa kushoto kwa sababu nilimwaga maziwa. Mama alikwisha kufariki, hivyo mjomba, kaka yake mama, akaja kunichukua. Mkono uliunga vibaya. Nililia siku ya kwanza tu. Baada ya hapo sikuhisi kitu, si hasira wala hamu ya nyumbani.

Kahawa ilipokwisha kuvunwa, baba alikuja. Alikuwa ameacha kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, na mkononi alishika jani la sale lililofungwa fundo. Kwetu Uchaggani ukiletewa sale kuombwa radhi, hukatai. Alimpa mjomba. Wazee wakaridhika, nami nikaanza kufunga nguo zangu, maana nani aliniuliza?

"Shemeji," mjomba akasema, "mimi umenipiga wapi?"

"Mtoto hapewi sale," baba akajibu.

"Basi hujasamehewa na mtu. Kila Jumamosi njoo ukate naye majani ya ng'ombe. Atarudi kwako siku atakayotaka mwenyewe."

Kuteremka tambarare kukata majani na kuyapandisha mlimani kichwani ni kazi ya wanawake. Baba alikuja. Njiani wanawake walimcheka mpaka wakashika mbavu, na mkali yule akazidi kupanda na mzigo wake. Nilimwamkia shikamoo, basi. Sikumwonea huruma hata kidogo.

Jumamosi moja mzigo wangu ulilegea. Akainua mkono haraka audake. Nikajikunyata, nikajifunika kichwa, majani yote yakamwagika. Baba alisimama akiutazama mkono wake. Tangu hapo, kila alipotaka kunisaidia, alisema kwanza, "Nainua mkono, mwanangu." Hata kunipokea kibuyu cha maji, hata mbele ya wanawake wale wale. Ilikuwa hivyo mwaka mzima.

Jumamosi ya kwanza ambayo sikujikunyata, mimi sikuigundua. Aliyeigundua ni yeye. Wiki iliyofuata alileta sale nyingine, akanielekezea mimi, mbele ya mjomba. Nilidhani nitalia. Sikulia. Nilinyoosha mkono wa kushoto nipokee, ukaishia pale unapoishia siku zote, haukulifikia jani.

Baba akasogea. "Nainua mkono," akasema, akaliweka kiganjani mwangu.

Nikaingia ndani kufunga nguo zangu.