Sinia la Kusikilizia Mbingu

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nakwambieni mapema ili tusisumbuane. Nimeona ukuta wa ghorofa ukiporomoka hatua chache kutoka niliposimama, na mwenye nyumba akacheka. Nimewauzia saruji watu walionitukana zamani, nao wakaniita bosi. Shule niliiacha darasa la sita, na leo hesabu zangu zinapigwa na vijana wenye digrii, tena nawakosoa. Duka langu la vifaa vya ujenzi liko Kiembe Samaki. Muulize mtu yeyote kule lile duka la nani, atakuonesha kwa kidole na ataongeza mawili matatu juu yangu, mazuri na mabaya. Sijali.

Basi mwaka jana mtu huyu asiyeshangazwa alikaa kwenye kochi lake mwenyewe akatokwa na jasho, kwa sababu ya televisheni isiyoonesha kitu.

Fundi alikuja kuhamisha dishi. Akachomoa waya, kioo kikajaa chenga, na ile sauti ikatoka, shhhhh, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo bila kwisha. Yeye akapanda juu ya paa, mimi nikabaki na ile sauti. Papo hapo pua yangu ikajaa harufu ya udi, na harufu ya vumbi linaloungua ndani ya televisheni ya zamani, na buibui nyingi za wanawake zilizotundikwa msumari mmoja. Nikarudi utotoni Kiponda, mtoto wa madrasa, miguu haifiki chini nikikaa kwenye kiti.

Nililelewa na mama mdogo, Zuwena, mdogo wake mama yangu. Mama alikuwa Mkokotoni na wadogo zangu, mimi nikaletwa mjini nisome. Mnajua wenyewe nilivyosoma. Mama mdogo alikuwa mke wa baharia, jina lake Khamis, mtu wa meli kubwa za mizigo, na huyo Khamis alipanda meli mimi sijajua kufunga vifungo vya shati langu. Mwanzo zilikuja kadi zenye picha za bandari. Halafu kadi zikakoma. Hakuna aliyeleta habari ya msiba, na hakuna aliyesema nimemuona mahali fulani. Alinyamaza tu.

Na kila Alkhamisi baada ya alasiri mama mdogo alikuwa akitoa kanzu ya Khamis sandukuni, akaitandaza juu ya tenga la kufukizia, chini yake akaweka chetezo chenye udi. "Asije akakuta nguo yake inanuka mende," alikuwa akisema. Nyumba nzima ilinukia kama ya arusi. Mimi nilidhani kila nyumba ina kanzu ya mtu asiyekuwepo, na kila Alkhamisi hufukizwa.

Watu walimwambia aende kwa kadhi, afunguliwe ndoa ile. Kulikuwa na fundi mwashi wa Jambiani, Vuai, mgane aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, aliyetuma watu kwa babu, baba yake mama mdogo, kuulizia posa. Mama mdogo aliwarudisha na neno moja: "Mie mke wa mtu." Hayo yote nilikuwa nayajua, maana mtoto anayelala nyuma ya pazia anajua kila kitu isipokuwa maana yake.

Sasa njooni sebuleni kwa Bi Khadija.

Bi Khadija alikuwa jirani yetu, na alikuwa na deki ya video aliyoletewa na mwanawe kutoka Uarabuni. Jumapili alasiri sebule yake ilikuwa ya wanawake watupu. Mwanamume mwisho wake kizingitini. Mimi nilikuwa sijabaleghe, nikihesabiwa kama mto wa kochi. Zikitundikwa buibui, zikiletwa kashata na bisi, taa inazimwa, na filamu ya Kihindi inaanza. Wale wanawake walikuwa hawajui Kihindi hata kidogo na walikuwa wanalia kila mahali panapostahili kuliliwa.

Siku hiyo jalada la kanda lilikuwa na picha ya mwanamke wa Kihindi amevaa sari nyekundu. Kanda ikaingizwa. Badala ya ngoma tukaona mlima mtupu, jangwa, na juu ya mlima sinia kubwa la chuma limeangalia mbinguni. Halafu wazungu wenye vitu masikioni wamekaa mbele ya mashine. Hakuna aliyeimba.

"Hii si yetu," alisema Bi Khadija. "Yule mtoto wa dukani kachanganya majalada."

Lakini kanda ilikuwa ya kukodi na buibui zilikwishavuliwa. Ikaamuliwa tuangalie hiyo hiyo. Binti yake, Rukia, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza, sisi tukimwita Ticha, akakalishwa mbele atufasirie.

Ticha akatueleza. Wale watu wanatafuta viumbe wengine, wanaokaa kwenye nyota. Lile sinia linapeleka mlio juu, halafu linasikiliza kama kuna atakayejibu.

"Majini?" akauliza mmoja.

"Si majini. Viumbe."

"Basi wangekuja Kiponda. Hapa chumba cha uani kina majini wa kila kabila, wa nini kuwafuata mbinguni?"

Kicheko kikapita sebule nzima. Mimi sikucheka. Mimi nilikuwa nimeganda. Mjue nilikuwa mtoto wa kujifanya shujaa, niliyeruka kutoka ukuta wa pwani hadi baharini mbele ya wakubwa, lakini ile sauti ya chenga iliyotoka kwenye mashine zao, sauti ya mbingu yenyewe alivyosema Ticha, ilinifanya nijisogeze ubavuni kwa mama mdogo. Mzungu mmoja, mkubwa wao, alikuwa akifumba macho anapoisikiliza. Alianza filamu ana nywele nyeusi. Kila baada ya muda akapeleka mlio wake, tuu, tuu, tuu, akasikiliza, shhhhh, na nywele zikawa zinageuka. Mkewe akamkimbia. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Yeye yupo.

Bi Khadija akashindwa kuvumilia. Mnajua mila yetu. Unafika nyumba ya mtu, unapiga hodi, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Hukuitikiwa, unaondoka na huna kinyongo. Tulifundishwa hivyo chuoni, kwenye madrasa, kabla ya kufundishwa kuandika majina yetu.

"Huyu bwana mbona hana adabu?" akasema. "Hodi ya tatu ishapita zamani, yeye bado yumo mlangoni tu!"

"Labda wenyewe wamelala," akasema mwingine.

"Miaka yote hiyo?"

"Labda wanaoga!"

Wakacheka mpaka bisi zikamwagika. Katikati ya kicheko mama mdogo, aliyekuwa hajasema kitu tangu mwanzo, akasema kwa sauti ndogo: "Pengine hawajamsikia. Mbali."

Bi Khadija akageuka. Kwa mwangaza wa kioo niliona uso wake ukilainika. "Wamesikia, Zuwena," akasema. "Nyumba ya watu ikinyamaza, washakwambia rudi. Nalo hilo ni jibu, mwanangu."

Kicheko kikakatika. Ticha Rukia akasahau kufasiri. Hata aliyekuwa anatafuna kashata akaacha. Mimi nikatazama huku na huku kutaka kujua nani kavunja nini, maana kimya kile nilikuwa nakijua, ni kile kinachokuja baada ya glasi kuanguka. Sikuona kitu chini.

Filamu ikaendelea. Yule mzungu, kichwa cheupe sasa, akaja kuambiwa na wakubwa zake kwamba sinia linafungwa kesho. Akaomba asikilize mara ya mwisho. Akakaa. Tuu, tuu, tuu. Shhhhh. Mama mdogo alinishika mkono, na kucha zake ziliniingia. Halafu, wallahi, ile shhhhh ikaanza kubadilika. Ikapungua upande mmoja, ikawa kama inataka kujikusanya iwe neno. Mzungu akafumbua macho.

Umeme ukakatika.

Mngesikia makelele! Mtaa mzima wa Kiponda ulisikia. Wanawake walililaumu shirika la umeme mpaka kwa babu zake. Tukangoja. Bi Khadija akawasha kandili, tukangoja tena, mpaka jua likakaribia kuzama na kila mmoja akakumbuka kwamba nyumbani kwake hakuna aliyepika. Zikavaliwa buibui, watu wakapapasa viatu, mmoja akaondoka na ndara mbili za kushoto.

Mama mdogo alibaki amekaa mbele ya kioo cheusi. "Ticha," akauliza, "wamejibiwa?"

"Sijui, mwenzangu. Na kanda inarudi dukani jioni hii hii, mama keshawaahidi."

"Hujui hata kwa kukisia?"

"Hata kwa kukisia, Zuwena."

Akainuka. Njiani alikuwa amenishika mkono na hasemi, na mimi sipendi kimya, tangu utotoni sikipendi. Nikamwambia, kwa kifua mbele, kwamba nikishakuwa mkubwa nitakuwa tajiri, na nitamnunulia filamu ile na televisheni yake aione mpaka mwisho. Akasimama katikati ya kichochoro akanitazama. "Wewe?" akasema. "Wewe uliyeshindwa jedwali la saba?" Na akacheka. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya buibui, na akaendelea kujifuta baada ya kicheko kwisha.

Alkhamisi iliyofuata nilirudi nyumbani kutoka chuoni nikanusa hewa mlangoni, nikaona kuna kitu kimekosekana. Tenga limesimama pembeni, chetezo baridi. Kanzu haikutolewa. Alkhamisi ya pili ilitolewa, lakini ilikwenda kwa fundi cherehani, ikakatwa, na Iddi ile mimi nikavaa kanzu ya kitambaa cha ng'ambo ambayo mtaani hapakuwa na mtoto aliyekuwa na mfano wake. Niliringa nayo hadi viwanja vya sikukuu vikanichoka. Hakuna aliyeniambia ilikuwa ya nani na mimi, fahali mdogo, sikuuliza. Baadaye mama mdogo alikwenda na babu kwa kadhi. Baadaye tena akaolewa na Vuai, akahamia Jambiani, akalima mwani na wenzake, akazaa mabinti, wa kwanza Fatma. Khamis hakutokea, wala habari yake.

Kwa miaka yote hiyo mimi nilikuwa nikifikiri nina deni la filamu. Nilikuwa nikimkumbuka amekaa mbele ya kile kioo, nikisikia lile swali lake, nikisema moyoni: yule mama kaishi maisha yake yote hajui kama walijibiwa. Siku fundi alipochomoa waya nyumbani kwangu, nikaona basi. Mimi nikitaka kitu nakipata. Jina la filamu hatukuwahi kulijua, maana jalada lilikuwa la nyingine. Niliwaeleza vijana wangu wa dukani: sinia, mlima, mzungu anageuka mvi. Walitafuta kwenye simu wakaniletea filamu chungu nzima, zote nikazikataa. Mwisho nilimpata mzee aliyekuwa na duka la kanda enzi zile, makasha yake yamejaa ukungu, tukapekua kutwa nzima tukiwa tumefunga pua kwa vitambaa. Ilikuwemo. Fundi akaisafisha, akaihamishia kwenye flashi. Nikanunua televisheni pana kama mlango, nikaipakia garini, nikaenda Jambiani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Na hilo ni nini, jeneza?"

Nilimfungia ukutani mwenyewe. Akakaa kwenye mkeka, miwani puani, kidogo akaanza kutabasamu. Alikumbuka kila kitu. "Hapa ndipo walipocheka kuhusu majini," alisema. Alimtaja Bi Khadija, akamuombea rehema. Mimi nilikuwa namtazama yeye zaidi kuliko kioo. Nywele za mzungu zikageuka. Sinia likatangazwa kufungwa. Tuu, tuu, tuu. Shhhhh. Ikaanza kujikusanya, kama siku ile ile, na mimi mtu mzima nikashika ukingo wa mkeka.

Kutoka uani, mzee Vuai akaita. "Mama Fatma!"

"Labeka!" akajibu, na alikwishainuka kabla neno halijamtoka vizuri.

Nikasimamisha picha haraka. "Mama mdogo, hapa ndipo penyewe! Kidogo tu!"

"Endelea wewe," akasema, anatafuta ndara kwa mguu. "Mie nnaitwa."

"Lakini hukuwahi kuujua mwisho wake."

Akanitazama kama alivyonitazama kichochoroni. "Mwanangu, mie nliujua siku ile ile. Nyie mlikuwa mnalalamikia umeme." Akatoka. Nikamsikia uani akimkaripia mzee kwa kumwaga chai, na mzee akijitetea, na yeye akicheka.

Nilikaa pale na rimoti mkononi, mzungu ameganda mbele yangu amefumbua macho. Nilikuwa nimebeba mzigo wa mtu aliyekwishautua kabla sijaota ndevu. Kumbe siku ile hakuwa anamuulizia mzungu. Na kucha zile zilizoniingia mkononi, kumbe zilikuwa zinaachia, mimi nikadhani zinashika.

Nikaizima. Mimi, nisiyeacha kazi nusu, nikaizima, nikatoka uani nikanywe chai na wenyewe. Na mwisho wa filamu ile, ambao mpaka leo sijauona na sina haja nao, ulinigharimu, televisheni na flashi na mafuta ya gari pamoja, shilingi milioni moja, laki tisa, arobaini na sita elfu na mia tano.