Ndoa Niliyoipita kwa Kidole

Barua ya kwanza niliyoandika katika masijala ya Nachingwea ilimwambia bibi mmoja wa Matambarale kwamba hajawahi kuolewa. Sikutumia maneno hayo. Niliandika, "Baada ya upekuzi, kumbukumbu ya ndoa hiyo haikuonekana." Nikapima pembezoni kwa rula, nikaisoma mara saba, ndipo nikaipeleka kwa Msajili aitie saini. Nilikuwa na wiki tatu kazini, na niliamini kwamba barua isiyo na kosa la uandishi haina kosa.

Mkataba wangu unaisha mwezi huu, baada ya miaka sita. Najua mtu wa umri wangu akianza kusimulia kazi yake kama mstaafu watu humcheka. Lakini aliyenifundisha ameshastaafu kweli, na kijana atakayekalia kiti changu hatamkuta. Acha nimsimulie mimi.

Siku ya kwanza nilifika kabla mlango haujafunguliwa, shati limepigwa pasi mpaka kola inanikata shingo. Kazi hii sikuisomea. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na daftari nililonakili maelezo ya kutunza mafaili kutoka kwenye simu. Karani Mkuu, mama wa Kimakua aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, alinitazama nikipanga kalamu zangu mezani kwa rangi.

"Kijana, umekuja kazini au umekuja kufungua duka?"

Nilicheka, nikaanza kuzipanga upya. Aliona hofu yangu, akanipa tambara nifute vumbi vitabu vya ndoa. Baadaye nilielewa kwamba alinipa kazi ambayo mtu hawezi kuikosea.

Masijala ni chumba cha kutunzia mafaili na vitabu vya ofisi. Vitabu vya ndoa vilikuwa rafu ya chini, na humo mlikuwa na ndoa nyingi za Ruangwa pia, kwa sababu zamani Ruangwa ilikuwa sehemu ya Nachingwea. Sheikh au padri akifungisha ndoa hujaza shahada yenye nakala. Moja wanachukua maharusi, moja inabaki katika kitabu chake, moja inaletwa wilayani. Hiyo ya wilayani tuliiita marejesho. Mwanzoni mwa kila kitabu kuna faharasa, yaani orodha ya majina inayokuonyesha ukurasa. Kama marejesho hayakufika, hujamaliza kazi. Unamfuata aliyefungisha. Katibu wa parokia moja ya upande wa Mbwemkuru alinifundisha jambo ambalo simu yangu haikulijua: ndoa ya Mkatoliki ikikosekana kwenye kitabu cha ndoa, fungua kitabu cha ubatizo, utazame pembeni mwa jina lake. Padri akifungisha ndoa huiandika hapo pia.

Haya yote niliyajua baadaye. Bibi wa Matambarale, huko Ruangwa, alinikuta sijui kitu.

Alikuja na kitambulisho chake na cheti cha kifo cha mumewe, Hamisi Saidi. Mdogo wa marehemu alikuwa amefungua shauri mahakama ya mwanzo Ruangwa. Alidai kaka yake aliishi na huyu mama bila ndoa, hivyo nyumba na mikorosho virudi kwa ndugu. Bibi alitaka nakala ya shahada, kwa sababu yake iliungua zamani pamoja na paa la makuti.

"Mume wangu," aliniambia, kama bibi zetu wanavyowatania vijana wa umri wa wajukuu zao, "nitafutie yule mume wa kwanza, nisije nikabaki na wewe peke yako, mwembamba hivi."

Nilisoma kitambulisho: Rukia. Nikamuuliza, "Wewe ni Rukia?" Akasema ndiyo. Nikashika faharasa, nikashuka nayo kwa kidole. Akina Hamisi Saidi walikuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyemwoa Rukia. Nilirudia siku mbili, maana naogopa kukosea kuliko ninavyoogopa nyoka. Kisha nikaandika ile barua.

Wiki chache baadaye alirudi. Hakuniita mume wangu. Alisalimiana na Karani Mkuu, akamjibu habari za watoto wake saba, akakaa kwenye benchi, akasema kwa utulivu, "Shemeji yangu aliposikia nimepewa barua, aliniambia nimpe aisome. Nikampa, mimi sijui kusoma vizuri. Ameipeleka kwa hakimu. Anasema hata serikali imenikana. Ijumaa hakimu anamaliza."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Karani Mkuu aliichukua nakala yetu ya barua. "Imeandikwa vizuri," alisema. "Kwa barua hii, huyu mama hajaolewa. Watoto saba amewazaa na nani, na wewe?"

Bibi alicheka kidogo, na kicheko kile kiliniumiza kuliko kama angenitukana. Karani Mkuu akanigeukia. "Ulimuuliza alitoka unyagoni na jina gani?"

Sikuwa nimemuuliza. Mimi ni Mmwera, nimezaliwa Nachingwea, najua kwamba huku kwetu mtoto akitoka jandoni au unyagoni huacha jina la utoto na kupewa jingine, na kumwita mtu mzima kwa jina la utotoni ni kumvunjia heshima. Mimi mwenyewe nilibadilishwa jina. Lakini nilidhani kijana hawezi kumtajia mama mzima mambo ya unyago.

"Hakuna anayekuambia umuulize ya ndani," Karani Mkuu alisema. "Muulize jina tu."

Nikamuuliza, nikitazama sakafu.

"Somoe," alisema. "Rukia ni la utoto, la shule. Nilisoma miaka miwili shule ya misheni, na walipokuja kuandikisha vitambulisho nilikuwa na karatasi ya shule tu. Nyumbani hakuna anayeniita Rukia."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Uliniuliza jina la kwenye kadi. Nikakujibu la kwenye kadi."

Nilifungua kitabu. Hamisi Saidi na Somoe, ndoa iliyofungishwa na sheikh wa Matambarale, mjomba wa bibi harusi akiwa shahidi. Mstari ule niliukumbuka. Nilikuwa nimeupita kwa kidole mara tatu au nne.

Nilikwenda kwa Msajili nikiwa tayari kufukuzwa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na barua ile ilikuwa na saini yake. Alisoma barua, akasoma kitabu, akavua miwani.

"Nani alisaini hapa?"

"Wewe mzee. Lakini kosa ni langu."

"Likishasainiwa na mimi ni langu. Toa nakala ya shahada. Andika barua ya kuifuta ile ya kwanza. Fupi."

Fupi ilinichukua Jumatano nzima. Niliandika rasimu nne, kila moja ikiwa na maelezo mengi zaidi kuliko iliyotangulia, kwa sababu nilitaka hakimu aelewe kwamba mimi si mzembe. Karani Mkuu alichukua ya nne, akakata kwa penseli kila kitu isipokuwa mistari mitatu.

"Hakimu hakuulizi wewe ni nani," alisema. "Anauliza huyu mama ni nani."

Ijumaa nilipanda gari la asubuhi kwenda Ruangwa, karatasi zimo ndani ya daftari, daftari ndani ya shati. Hakimu alizisoma zote mbili. Mdogo wa marehemu alisimama upesi.

"Mheshimiwa, karatasi hii ni ya Somoe. Mdaiwa kwenye faili ni Rukia. Hao ni watu wawili."

Sikuwa nimeandaa kitu cha kuthibitisha kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Nilipaswa kuomba kiapo cha ndugu mapema, na sikukiomba. Kaka yake bibi alikuwepo, akainuka aseme, lakini hakimu akamwashiria asubiri. Akamtazama yule aliyesimama.

"Marehemu kaka yako alipougua, nani alimuuguza?"

"Huyu hapa."

"Ulipofika pale nyumbani ukapiga hodi, ulimwitaje?"

Yule bwana alitazama nyuma. Alikuwa mtu mzima, na ndugu zake wote walikuwa wamekaa nyuma yake. Huku kwetu mtu wa namna hiyo hawezi kusema mbele za watu kwamba alikuwa akimwita mke wa kaka yake kwa jina la utotoni.

"Shemeji Somoe," alisema.

Hakimu aliandika. Kaka yake bibi alisema yake, naye alijua hata nani alipika siku ya harusi. Kabla ya adhuhuri ndoa ilikubaliwa, na bibi akarudi Matambarale kwenye nyumba yake na mikorosho yake.

Mwezi uliofuata alikuja Nachingwea na furushi la ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini. Alimpa Karani Mkuu nusu, mimi nusu. "Kula unenepe, mume wangu," alisema. Karani Mkuu alijibu kwa niaba yangu kwamba mume huyu ni wa mkataba tu, serikali bado inamwangalia.

Nawashukuru wote watatu. Msajili angeweza kunitoa kafara. Karani Mkuu angeweza kusema ndivyo vijana wa siku hizi walivyo. Na Bi Somoe, ambaye nilimkana kwa barua nzuri, angeweza kutorudi kabisa.

Sasa fomu yetu ya maombi ina mstari mmoja zaidi: jina unaloitwa nyumbani. Kabla ya kuandika kwamba ndoa haikuonekana, namsomea mwombaji kwa sauti kila mstari unaokaribiana na wake. Na barua zangu nazisoma mara mbili, si saba.