Sauti ya Steshoni Inasubiri Mfupa Ukomae

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke aliyevaa barakoa anafunga lebo kwenye begi katika stoo ya mizigo. Juu yake spika inakwaruza, kisha sauti ya binti inatangaza treni inayoingia. Mikono ya mwanamke inasimama. Anasikiliza hadi neno la mwisho, ndipo anakaza uzi.

"Anajitahidi," anasema. "Ila anaharakisha mwishoni. Msafiri mwenye watoto na mizigo anataka kuambiwa taratibu."

Anajua anachokisema. Kwa miaka kumi na saba yeye ndiye aliyekuwa sauti ya steshoni hii, na wenzake hadi leo wanamwita Kengele.

Yote yalianza na kauvimbe chini ya meno ya mbele. Hakakuuma, akakapuuza. Meno yalipoanza kucheza, kalikuwa kameshaula mfupa wa taya. Haikuwa saratani, lakini uvimbe ulipotolewa uliondoka na meno sita na kipande kizima cha mfupa. Akapungua kilo tisa.

Alirudi kwenye kipaza sauti siku moja tu. "Saa sita" ikatoka "shaa shita", abiria wakaangua kicheko. Hakungoja kuambiwa. Alimwita binti wa dirisha la tiketi, akamkalisha kitini, akamfundisha kazi, naye akahamia kwenye mizigo.

"Sikuwalaumu," anasema. "Hata mimi ningecheka."

Miezi minane iliyopita daktari alichukua mfupa kwenye nyonga yake, akaujazia pale tayani palipobonyea, na kuushikiza kwa vibati na skrubu ambazo mwili huziyeyusha wenyewe. Kengele aliuliza zikiyeyuka kitabaki nini. Daktari akamwambia ni kama mbao zinazoshikilia zege: nguzo ikishakomaa, mbao hazina kazi tena.

"Miaka yote nimewaambia abiria wavute subira," anasema. "Sasa ni zamu yangu."

Mama yake, anayeishi nyumba za reli nyuma ya steshoni, haoni vizuri. Alizoea kuipima siku kwa matangazo ya mwanawe. Juzi alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, tangu unyamaze, kwangu treni zote zimechelewa." Kengele alitoka nje, akasimama kando ya reli hadi macho yakakauka.

Wiki iliyopita eksirei ilionyesha mfupa umeshika. Mwezi ujao atawekewa vipandikizi vya chuma, na miezi minne baadaye vitabeba meno mapya.

Tayari amemwendea mkuu wa steshoni. Hataki binti aondolewe. Amemfundisha mwenyewe na anamwonea fahari. Anaomba kutangaza treni moja tu kwa siku, ile ya jioni. Mkuu amesema atafikiria.

"Afikirie tu," anasema Kengele, akivuta begi jingine. "Mimi nafanya mazoezi nikioga. Ulimi bado unatafuta pa kuegemea, lakini majina ya vituo vyote kumi na tisa ninayo, kwa mpangilio wake. Hakuna hata kimoja nilichokisahau."