Niliiba Marahaba ya Mjomba

Kosa ni langu. Sikusukumwa na shetani wala sikulewa. Nilikuwa na akili zangu timamu, na shahada imetundikwa ukutani, nilipoliiba neno la mzee wa watu nikalifanya silaha ya kuulia.

Mkiwa pande za Msambweni mtanijua kabla sijafika katikati. Basi nijueni, lakini msinitaje. Harusi yangu bado haijafungwa.

Rafiki yangu Muriithi hupiga video za harusi hapa Ukunda. Siku moja alichoka na mabibi harusi, akaamua kutengeneza sinema ya shujaa anayeruka angani. Stelingi alikuwa kijana wa mazoezi anayefanya kazi hotelini Diani, kifua kama kabati. Joho lake lilikuwa leso ya mama yake, imeandikwa mgongoni SEMENI MCHOKE. Mimi nikapewa nafasi ya adui, nikamtunga mwenyewe, maana nilikuwa na hoja.

Hoja ni hii: tangu chuo kikuu nimekuwa nikibishana na kila mtu juu ya shikamoo. Nashika miguu ya nani, na kwa nini? Mbona mwenye miguu yeye hashiki chochote? Kwa hiyo nikamtunga adui anayeitwa Mla Salamu, anayeishi kwa kula heshima za watu. Ukimwamkia, anakutazama. Akikuitikia marahaba, unaanguka umekufa, naye anazidi nguvu.

Muriithi alinikumbatia. "Buda, hiyo story ni moto! Lakini voice yako ni ya mtu wa mitumba. Ni kama unaniitia bei."

Alisema kweli. Kila nilipotamka marahaba, maiti zilikuwa zinacheka.

Ndipo nikamkumbuka Mwalimu Hamisi. Ole wangu! Mzee huyu alinisomesha madrasa kwao Msambweni, na ndiye mjomba wa Riziki, mchumba wangu. Na kwetu sisi Wadigo, baba ana lake, lakini mjomba asipokubali, hakuna binti anayetoka. Ukimwamkia Mwalimu Hamisi, haharakishi. Anakohoa kidogo, anafumba jicho moja, kisha anaivuta: "Maraaaahabaaa…" Chini kabisa, kama mtu anayechota maji kisimani. Utotoni ilikuwa ikinisisimua mwili mzima.

Nikaichukua yote. Kikohozi, jicho, kisima.

Tuliionyesha sinema yetu katika ukumbi mmoja karibu na Kona ya Musa. Nilipoitikia mara ya kwanza, watu walitazamana. Mara ya pili, mwanamke mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Yarabi! Si Mwalimu Hamisi huyo!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Stelingi wetu akapigana, akaruka, leso ikapepea, hakuna aliyemtazama. Watu walitoka wakikohoa na kufumba jicho. Nami, mpumbavu mkubwa, nikawa nimesimama mlangoni napokea pongezi!

Kipande cha marahaba kikaingia kwenye simu za watu. Huko Msambweni watoto wakakifanya mchezo: wanamwamkia Mwalimu Hamisi njiani, akiitikia tu, wanaanguka chali, macho juu, ndimi nje. Mwanzoni alidhani ni maradhi! Yule wa kwanza alimwinua, akamsomea aya, akamwita mama yake mbio. Mpaka mtu mmoja dukani alipomwonyesha simu.

Tangu siku hiyo Mwalimu Hamisi hakumwitikia mtu. Ukimwamkia anainua mkono tu, anapita.

Na mimi? Sikuona neno! Nilimwambia Riziki, "Hiyo ni sanaa. Sanaa lazima iumize."

Akanijibu taratibu, "Basi subiri zamu yako."

Zamu ikafika. Wazee wangu walivaa kanzu, tukabeba sinia la halua, tukaenda kuposa. Mwalimu Hamisi alikuwa ameketi mkekani, kahawa imeshamiminwa. Nikainama.

"Shikamoo, mjomba."

Kimya.

Ami yangu, ndugu wa baba, akataka kunisaidia, akakohoa. Akakohoa, jamani! Kati ya sauti zote alizojaliwa na Mungu! Nikarudia shikamoo, nimeinama zaidi. Huwezi kujiketisha mkekani pa mtu hujaitikiwa, kwa hiyo tulisimama wote kama nguzo, kahawa ikipoa.

Mwishowe mzee akamgeukia ami. "Bwana, niwieni radhi. Kijana wenu nikimwitikia atakufa, nami sitaki kesi ya maiti nyumbani kwangu."

Huko jikoni mtu aliangua kicheko. Sisi tukarudi na sinia letu halijafunuliwa. Tulipofika mlangoni kwetu, ami akanigeukia. "Hebu nikumbushe," akasema, "huko chuoni tulikupeleka ukasome nini?"

Kesho yake Riziki alikuja. Nilitarajia machozi. Alikuja na swali.

"Wewe unayehoji kila kitu, uliwahi kumuuliza mjomba kwa nini anaivuta?"

Sijawahi.

"Anakuombea. Anapoivuta, moyoni anakusomea dua wewe uliyemwamkia. Afya, riziki, mwisho mwema. Bibi, mama yake, ndiye aliyemfundisha. Dua ikiisha, ndipo anapoliachia neno."

Lo! Mimi nilidhani anakula, kumbe alikuwa akilisha. Dua mimi siziamini sana, nasema kweli, na hilo pia nimelibishia watu. Lakini usiku ule nilikuwa nikiwaza utoto wangu wote, nikipita mbele ya mzee yule na kikapu cha sokoni, akiniombea, nami nikikimbia.

Ijumaa nikamngojea nje ya msikiti, watu wakivaa viatu. Watoto walikusanyika upesi, walijua kuna burudani.

"Shikamoo, mwalimu."

Akanitazama sana.

"Marahaba."

Nikaanguka. Hakuna aliyenituma. Kanzu nyeupe, vumbini, chali, ulimi nje. Kama kuna wa kuchekwa, niliona awe mimi. Na walicheka! Wakubwa kwa watoto. Kitoto kimoja kikapiga kelele, "Hajui kufa, huyo!"

Mzee hakucheka. Alininyooshea mkono. "Inuka, unachafua kanzu ya watu. Wazee wako na waje tena. Na ile halua isiwe ya juzi."

Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Mnaweza kunipongeza, lakini ngojeni kwanza.

Marahaba ile ilikuwa fupi. Nilidhani ni hasira ya siku moja. Sasa kila nikimwamkia ni hiyo hiyo, kama ya karani wa benki. Hakohoi, jicho halifumbi. Watoto wameshausahau mchezo, wameshapata mwingine, lakini yeye hajamvutia mtu marahaba tena, mkubwa wala mdogo.

Wenzangu mnaoandika na kuigiza, mkitaka adui wa sinema, chimbeni ndani yenu, hamtamkosa. Msimwibe mtu anayejipitia na salamu zake. Na nyie mnaohoji kila kitu kama mimi, hojini, lakini na mwenyewe mumuulize!

Mke nitapata. Kila siku napeleka shikamoo yangu, na kila siku najibiwa. Marahaba, basi. Fupi namna ile, dua itapenya wapi?