Kidole Changu, Jina la Faustin

Jamani, msicheke kwanza, mimi mwenyewe bado naona haya nikipita mbele ya ofisi ya shule yetu hapa Bunia, maana pale ndipo nilipokaribia kujifuta kazini kwa kidole changu mwenyewe.

Miaka sita nilifundisha bila mshahara wa serikali, nikiishi kwa kile wanachochanga wazazi, nikingoja jina langu liingie kwenye listi ya Kinshasa. Ndipo wakaja wakaguzi na mashine ya alama za vidole: kila mwalimu aitwe, aweke kidole, asiyekuwepo afutwe. Sasa mwenzangu Faustin alikuwa ameshuka ziwani Kasenyi kununua samaki (mkewe anauza sokoni), na sisi walimu tuna desturi yetu, mwenzako akikosa kwenye wito wa asubuhi unamwitikia tu, "Présent!", yaani yupo, maisha yanaendelea. Basi mkaguzi akaita Faustin, mdomo wangu ukaitika kabla ya akili, na kwa kuwa wote walinigeukia nikaona aibu kurudi nyuma, nikaenda, nikaweka kidole. (Mkurugenzi wetu, Mama Béatrice, alinitolea macho, akainamia daftari lake.)

Punde likaitwa jina langu. Nikavaa kofia, nikarudi pale pale (eti kofia itadanganya mashine!). Mashine ikalia.

"Papa, hii kidole iko ya Faustin. Weye ni nani sasa?"

"Niko Désiré, mukubwa."

"Na Faustin ni nani?"

"Ni mimi!" Alikuwa Faustin mwenyewe mlangoni, mkewe amempigia simu kuwa wakaguzi wamefika, anahema, gunia la samaki linachuruzika maji.

Ofisi nzima ikacheka, ila mimi sikucheka, maana mkaguzi alishashika kalamu atufute wote wawili. Walioniokoa ni wanafunzi wangu waliojazana dirishani: "Ule ni Monsieur Désiré, njo mwalimu yetu ya darasa ya quatrième!" Nikapiga magoti, nikasema kweli yote. Mkaguzi akanitazama, akaitazama kofia, kicheko kikamshinda, akafuta alama, tukaanza upya, kila mtu na kidole chake.

Mwezi ule benki iliponitumia ujumbe kuwa mshahara umeingia, nilisoma jina langu mara tatu, nikalia kwa furaha. Tangu hapo simwitikii mtu. Juzi Mama Béatrice aliita jina langu mwenyewe, nikakaa kimya mpaka Faustin akanisukuma: "Désiré, ile ni weye!"